Mimba ya miezi saba, mwendo si wangu tena. Ni kawaida?

MukeneBusia:
Habari zenu. Juzi magharibi natoka sokoni, jirani yangu akanipita bila salamu. Nilipomwita akashtuka: "Kumbe wewe! Kwa mwendo ule nilidhani ni mama mkwe wako." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Hii ni mimba yangu ya kwanza. Nauza mukene, yaani dagaa, hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na tangu usichana nimezoea kata na beseni kichwani, hatua za harakaharaka. Sasa miguu imeachana, vidole vinatazama nje, kiuno kinakwenda huku na huku kama bata aliyeshiba. Nimeongeza kilo 10. Viatu vyangu vya namba 38 vimenikataa kabisa.

Shangazi ya mume wangu anasema mwendo huu ni wa mtoto wa kiume. Mama mkwe anasema ni uvivu na posho, yaani ugali. Nani mkweli? Halafu usiku nikigeuka kitandani, mfupa wa kinena unauma kama unataka kupasuka katikati.

MkungaMstaafu_Tororo:
Binti yangu, wote wawili wamekosa. Nimepokea watoto wengi mno, na sijaona mwendo uliotabiri wa kike au wa kiume.

Umewaona wavuvi wakisimama ndani ya mtumbwi? Hakuna anayebana miguu, ataanguka majini. Nawe mwili wako unafanya hivyohivyo. Tumbo linakuvuta mbele, mgongo unajikunja nyuma kulipinga, miguu inatanuka upate pa kukanyagia, hatua zinakuwa fupi ili nyayo zote mbili zikae chini muda mrefu kidogo. Mungu alitupa vifaa vya kazi hiyo: pingili za kiunoni kwa mwanamke, tatu zina umbo la kabari, kwa mwanamume mbili tu. Watafiti waliliandika hilo mwaka 2007, nami nilikuwa bado kazini, nikawasomea wauguzi vijana kwa fahari kama nimegundua mimi.

Pia kuna homoni inaitwa relaksini. Inalegeza kano za nyonga. Wayo nao hutandazika, mguu ukarefuka, na baada ya mimba ya kwanza wengi haurudi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo hiyo 38 mpe mdogo wako.

Kilo 10 si uvivu. Mwanamke aliyeanza na uzito wa kawaida hushauriwa kuongeza kati ya kilo 11.5 na 16 mpaka ajifungue. Mtoto peke yake ni kama 3, kisha kondo, maji, damu iliyoongezeka, matiti. Posho ina sehemu yake, lakini ndogo.

Maumivu ya kinena: unapogeuka, bana magoti pamoja, weka mto katikati. Vaa nguo umekaa. Ngazi panda moja moja. Na beseni ondoa kichwani, tafadhali! Huoni unapokanyaga, na juu umeongeza mzigo. Mwambie mkunga wako kliniki, asikuambie tu "vumilia". Ukiona uso na mikono imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona nyota, au mguu mmoja umevimba na kuuma, usingoje siku ya kadi. Nenda siku hiyohiyo.

FundiWaGomesi:
Mimi mwanamume nisionekane nimeingilia. Lakini mjamzito akija kushonesha gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, nampima mbele na nyuma mbali mbali, maana tumbo linapandisha pindo la mbele. Ukikata sawasawa, mbele inaonyesha vifundo na nyuma inaburura vumbi. Akitembea anaikanyaga.

Nalongo_Mbale:
Mukene, usitegemee mwendo utarudi siku ya kujifungua. Wangu pacha wana mwaka na nusu, na bado natembea miguu mbali. Tumbo liliondoka, uzito ukabaki: kilo 96. Magoti yakaanza kulia. Nimepunguza 11 na sasa nashuka boda bila kushikwa mkono.

MkungaMstaafu_Tororo:
Nalongo, hongera. Uzito wa unene huja polepole na kuenea mwili mzima, misuli inapata muda wa kuuzoea. Wa mimba huja kwa miezi na kukaa mbele. Ila goti halichagui. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wa wazee wanene wenye magoti mabovu: kila kilo waliyopunguza iliondoa kama kilo 4 gotini katika kila hatua. Zidisha kwa hatua za sokoni.

MukeneBusia:
Asanteni sana. Beseni sasa linakwenda na kijana wa toroli, na kwenye mivumba, yaani mitumba, nimepata raba za namba 40. Mto nimeuweka, jana nimelala. Mama mkwe nimemsomea yote, neno kwa neno. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, lakini posho nipunguze vilevile.