Nampeleka mama Amsterdam na Berlin mwezi Julai: nijiandae vipi ili alale kwa raha hotelini?

Binti Kibosho (Moshi):

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, nawasalimu. Mdogo wangu wa kiume anahitimu masomo yake Berlin mwanzoni mwa Julai, na mama yetu, mwenye umri wa miaka 68, amesema hataki kuhadithiwa, atakwenda kushuhudia kwa macho yake. Tutaondoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) usiku na kutua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, asubuhi, tutalala Amsterdam siku mbili ili apumzike, kisha tutapanda treni hadi Berlin ambako tutakaa siku sita. Mdogo wangu anaishi katika chumba kimoja cha wanafunzi, kwa hiyo hatuwezi kufikia kwake, nami ndiye niliyepewa jukumu la kutafuta hoteli.

Sijawahi kulala hoteli ya Ulaya. Nimetazama vyumba vingi mtandaoni, lakini picha zote zinafanana, kitanda cheupe na pazia, wala hazinielezi ninayotaka kuyajua. Mama anasumbuliwa na magoti tangu alipoanguka shambani miaka mitatu iliyopita; ngazi hupanda polepole akishika ukuta, na mguu hauinui juu sana. Huamka saa kumi na moja alfajiri, na kitu cha kwanza anachotaka ni chai ya moto. Usingizi wake ni mwepesi. Tena, katika maisha yake yote hajazoea choo kisicho na maji ya kujisafishia. Akikosa usingizi siku mbili mfululizo, sherehe aliyoingoja miaka minne ataiona akiwa hoi. Uwezo wetu ni hoteli ya nyota tatu. Naomba waliokwisha kulala katika miji hiyo wanieleze mambo ambayo picha hazionyeshi.

Mwongozaji wa Sakina (Arusha):

Dada, hongereni kwa mahafali. Nimekwenda Berlin mara tatu kwa ajili ya ITB, maonyesho ya utalii yanayofanyika kila Machi, na wenzangu wa Arusha wanaokwenda huko wanajua jinsi bei za vyumba zinavyopanda wiki hiyo. Ninyi mnakwenda Julai, ambao ni msimu wa watalii, basi msichelewe kuweka nafasi.

Nianze na mwanga, kwa sababu ndio utakaomnyima mama usingizi kabla ya kelele. Sisi tumezoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Berlin mwanzoni mwa Julai jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku na huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Amsterdam huzama baadaye zaidi, kama saa nne usiku. Uliza kama chumba kina pazia zito linaloziba mwanga kabisa, na umnunulie kitambaa cha kufunika macho hata kama watakuambia lipo.

La pili ni joto. Usidhani kila hoteli ya nyota tatu ina kiyoyozi. Majengo mengi ya zamani hayana, kwa kuwa yalijengwa kwa kufikiria baridi. Siku nyingi za Julai hali ni ya kawaida na usiku huwa na ubaridi mzuri, lakini mawimbi ya joto hutokea, na mwaka 2019 Uholanzi ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake. Kama hakuna kiyoyozi, omba feni, na usikubali chumba kilicho chini ya paa.

Dirisha la Ujerumani nalo linahitaji maelezo. Kitasa kikielekea chini, limefungwa. Ukikilaza, linafunguka lote kama mlango. Ukikielekeza juu, sehemu ya juu ya dirisha inainamia ndani huku chini ikibaki imeshikwa. Mara ya kwanza liliniinamia usiku, nikalishika kwa mikono miwili nikiamini limeng'oka, nikakaa hivyo kwa dakika kadhaa kabla ya kuthubutu kuliachia. Kumbe ndivyo lilivyotengenezwa, na ndiyo namna bora ya kupata hewa usiku kucha. Mwonyeshe mama mapema.

Mkilala kitanda kimoja huko Berlin mtakuta maduveti mawili, kila mtu na lake, na hakuna shuka la kujifunika kati yenu na duveti. Akiona joto, omba shuka la ziada mapokezi, halina malipo.

Mama wa Mapokezi (Arusha):

Binti yangu, nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za hapa Arusha kwa miaka 14, na nimewahi kuwa mgeni Ulaya mara mbili. Nakuambia yale ambayo sisi wa nyuma ya kaunta tunayajua: chumba kizuri hupewa mgeni aliyeeleza mapema anachohitaji. Vyumba hupangwa siku moja au mbili kabla ya wageni kufika. Asiyesema neno hupewa kilichobaki, na hoteli haijamkosea, kwa sababu haikujua.

Kwa hiyo usiishie kubonyeza kitufe cha kuweka nafasi. Iandikie hoteli yenyewe barua pepe, kwa Kiingereza, sentensi fupi, na useme sababu. Usiandike "naomba chumba kizuri", maana hakuna mtu anayejua maana yake. Andika kwamba unasafiri na mama wa miaka 68 mwenye matatizo ya magoti. Uliza kama kuna lifti, na kama lifti hiyo inaanzia usawa wa barabara au kuna ngazi za kupanda kwanza. Omba bafu ambalo mtu huingia bila kuvuka ukingo. Omba chumba kinachotazama uani badala ya barabarani, kwa sababu tramu za Amsterdam na Berlin huanza safari alfajiri. Uliza pia kama wana chumba kilichotengwa kwa wageni wenye ulemavu, kwani hicho huwa kikubwa zaidi, kina vyuma vya kushikilia chooni, na mara nyingi kiti cha kukalia wakati wa kuoga. Majibu yao uyachapishe na uyabebe. Mfanyakazi wa zamu ya usiku huenda hajui mlichokubaliana na mwenzake, lakini karatasi ataisoma.

Saa za hoteli ziangalie kwa makini. Vyumba hukabidhiwa kuanzia 14:00 au 15:00, yaani saa nane au saa tisa mchana, nanyi mtatua asubuhi baada ya kukesha ndani ya ndege. Kwa mama wa umri huo, kukaa ukumbini kwa saa saba ni mateso. Una njia mbili: kulipia usiku wa kuamkia siku mtakayofika, au kuomba kuingia mapema kwa malipo kidogo. Katika kipindi chenu mimi ningelipa. Mkishindwa, mabegi yatapokelewa mapokezi bila shida, nanyi mtafute mahali pa kukaa. Saa za kifungua kinywa pia zinawachanganya watu wetu: ikiandikwa kinaisha 10:00, ni saa nne asubuhi, si saa kumi.

Sasa fedha, ambazo zimewahi kuniliza. Hoteli niliyofikia safari yangu ya kwanza ilizuia euro 200 kwenye kadi yangu ya benki kama dhamana, mbali na bei ya chumba. Fedha hazikuchukuliwa, zilizuiwa tu, lakini kwa kuwa kadi yangu ilikuwa ya akiba ya kawaida, sikuweza kuzitumia, na zilirudi siku nyingi baada ya mimi kufika nyumbani. Niliishi kwa mkate siku mbili. Uliza kiasi cha dhamana kabla ya safari, uwe na kadi ya pili, na uende benki yako hapo Moshi kuhakikisha kadi zote mbili zimefunguliwa kutumika nje ya nchi.

Kuna pia kodi ya mji, ambayo mara nyingi haimo katika bei unayoiona mwanzoni. Amsterdam hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba kabla ya VAT, kiasi kwamba chumba cha euro 160 kinaongezeka euro 20 kwa kila usiku. Berlin hutoza asilimia 7.5 tangu mwaka 2025. Hiyo ni kodi halali.

Mzee wa Marangu:

Mwanangu, mimi na mke wangu tulikwenda Amsterdam kumtazama mjukuu, na swali lako la magoti limenigusa kwa sababu ndilo lililotuumiza. Nyumba za kandokando ya mifereji ni nyembamba na ndefu, na ngazi zake zimesimama wima karibu kama za kupandia darini. Ukitazama juu ya kuta za mbele utaona boriti yenye ndoano. Ndiyo wanayopandishia samani kwa kamba kupitia madirishani, kwa kuwa kwenye ngazi haziwezi kupita. Tulipewa chumba ghorofa ya tatu katika nyumba ya namna hiyo, bila lifti. Mke wangu alipanda akishika ngazi ya mbele yake kwa mikono. Siku ya pili hakutoka kabisa, akabaki dirishani. Picha za hoteli hiyo zilikuwa nzuri kuliko zote tulizoziona. Kwa mama yako chukua jengo jipya, hata kama halina sura, karibu na kituo cha treni au tramu.

Bafu nalo lina mambo yake. Kule sakafu ya bafu mara nyingi haina tundu la kutolea maji nje ya sehemu ya kuogea. Kama kuna beseni refu lenye pazia, ncha ya pazia sharti iingie ndani ya beseni, la sivyo maji yatafika kwenye zulia la chumbani, na ya kwetu yalifika. Oga polepole, weka taulo nene la miguu sakafuni, na mama asivae kandambili zinazoteleza.

Kuhusu choo, usione haya kuuliza, ni jambo la maana. Uholanzi na Ujerumani utakuta karatasi tu. Sisi tulibeba kopo dogo la plastiki lenye mpini, likawekwa pembeni ya choo siku zote, likatosha. Zipo pia chupa laini zenye mdomo uliopinda, ambazo hubanwa na kukaa ndani ya mkoba hata mkiwa matembezini. Maji ya bomba katika miji yote miwili ni safi kwa kunywa, kwa hiyo msinunue maji ya chupa kila siku kama tulivyofanya sisi mwanzoni.

Chai ya alfajiri itakuhitaji kujipanga, kwa sababu vyumba vingi havina birika la umeme na jiko la hoteli hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Uliza. Sisi tulibeba birika dogo la safari na majani yetu, baada ya kuuliza mapokezi kama linaruhusiwa, kwani hoteli nyingine hukataa kwa hofu ya moto. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, lakini plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii. Soketi zao ni za miguu miwili ya mviringo. Nunua adapta mbili hapo mjini kabla hamjaondoka, na uhakikishe inayotumika kwa birika inahimili mzigo huo, kwa sababu adapta nyepesi za simu huyeyuka.

Binti Kibosho (Moshi):

Shikamooni mama na mzee, na asante sana kaka wa Sakina. Nimeziandikia hoteli tatu za Amsterdam kama Mama wa Mapokezi alivyoelekeza. Ya kwanza, niliyokuwa nimeipenda kuliko zote, imejibu kwamba lifti inaanzia ghorofa ya kwanza, na kabla ya hapo kuna ngazi 19. Nimeiacha. Ya pili haijajibu. Ya tatu iko karibu na kituo cha treni nje kidogo ya katikati ya mji, na imenitengea chumba cha uani chenye bafu lisilo na ukingo, birika la umeme limo, na kuingia saa nne asubuhi kwa nyongeza ya euro 30. Berlin bado natafuta.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Tuombe viza ya Uholanzi tunakotua, au ya Ujerumani? Na mama anataka kumpelekea mwanawe ndizi, nyama ya kukausha na maziwa ya mtindi. Je, ataruhusiwa?

Mwongozaji wa Sakina (Arusha):

Ombi la viza hupelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, na kwenu ni Ujerumani. Wataangalia uthibitisho wa hoteli kwa kila usiku, hivyo majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi na kusiwe na usiku hata mmoja ulioachwa wazi, pamoja na ule wa ziada kama mngeulipia. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kwa sasa chukua nafasi zinazoweza kufutwa bila gharama, mpaka viza itoke.

Nyama na maziwa aviache nyumbani. Abiria wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hawaruhusiwi kuviingiza, hata kwa matumizi yao wenyewe, na vitachukuliwa Schiphol mbele ya macho yake. Ndizi ni miongoni mwa matunda matano yanayoingia bila cheti cha afya ya mimea, pamoja na nanasi, nazi, tende na durian, kwa hiyo mkungu mdogo wa ndizi za Kibosho utapita. Azifunge kwenye begi la mkononi, zisipondwe na mizigo.