Re: Kukodi boti ya mferejini, familia mbili

Habari za leo ndugu zangu,

Likizo ya shule inakaribia na sisi familia mbili tunataka kukodi boti ya kulala humohumo, zile ndefu nyembamba za mifereji ya hapa Uingereza, kwa wiki moja. Hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha chombo cha majini. Je, wanadai leseni? Tumeutamani ule mzunguko wa Cheshire, kwa kuwa unaondoka na kurudi palepale bila kugeuza boti. Siku saba zinatosha? Wenye uzoefu tusaidieni.

Dada yenu, Coventry

---

Dada, salaam.

Leseni ya udereva wa boti hamdaiwi. Mwenye boti ndiye anayelipia kibali cha chombo kuwa mferejini, na siku ya makabidhiano mtu wake atawaonyesha injini, kamba, gesi na namna ya kuongoza. Msimharakishe. Watu hufika wamechoka na barabara, kila kitu wanaitikia "sawa, sawa", jioni ndipo wanaulizana swichi ya pampu ya maji iko wapi. Mmoja wenu ashike simu arekodi maelezo yote.

Kuhusu Cheshire nitakukatisha tamaa kidogo. Mzunguko ule ni maili 97 na loki 92. Mwendo wa juu mferejini ni maili 4 kwa saa, na kila mkipita boti zilizofungwa ukingoni lazima mpunguze zaidi, maana mawimbi yenu yanang'oa vigingi vyao. Kwa hiyo piga hesabu ya maili 3. Hapo ni saa 32. Kila loki ipe dakika 12, ni saa 18 nyingine. Jumla saa 50. Boti mnapewa alasiri na siku ya mwisho wanaitaka asubuhi, hivyo siku kamili ni sita. Zaidi ya saa nane kwa siku, bila foleni, bila mvua, bila mtoto kutaka kushuka. Wapo wanaofurahia mbio hizo. Kwa familia zenye watoto mimi naziita kibarua.

Ndiyo maana nasema ukichagua njia, hesabu loki kwanza, maili baadaye. Kwa wasiozijua, loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito huku na huku. Boti inaingia, mnafunga nyuma yake, mnazungusha hendeli ya chuma kufungua vilango vidogo vya maji, na chombo kinapanda au kushuka mpaka usawa wa upande wa pili. Kupanda kunatisha kwa sababu maji yanaingia kwa kishindo, lakini hatari kubwa iko kwenye kushuka. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege au mawe ambacho hukioni loki ikiwa imejaa. Maji yakishuka na tezi, yaani nyuma ya boti, imeegemea pale, nyuma inabaki juu, omo, yaani mbele, inaendelea kwenda chini, na boti inaweza kuzama kwa dakika chache. Ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinapoishia. Mwendeshaji akae mbele ya mstari huo na asiuache macho, na aliye na hendeli asitoke pale alipo kwenda kupiga picha. Ikinasa, fungeni haraka vilango vya maji vya chini, kisha jazeni loki tena taratibu kutoka juu.

Uendeshaji wenyewe mtauzoea siku ya kwanza. Kana, ule mpini wa usukani nyuma ya boti, ukiisukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Breki hakuna, unarudisha gia nyuma na kusubiri, na ukirudi nyuma usukani haukusikii sana. Mkikutana na boti nyingine, kila mmoja akae kulia kwake, kinyume na barabara za hapa. Boti ina uzito wa tani nyingi: mtu yeyote asijaribu kuizuia isigonge ukuta kwa mguu au mkono. Iacheni igonge.

Kaka yenu, Leicester

---

Nashukuru kaka kwa maelezo. Na choo je? Na umeme? Wenzangu ndiyo maswali yao makubwa, hayo ya vizingiti hawajayasikia bado.

Coventry

---

Vyoo viko vya namna mbili. Kuna chenye tangi kubwa linalofyonzwa na mashine kwenye kituo, na kuna chenye kopo mnalobeba wenyewe kwenda kulimwaga sehemu maalumu. Ulizeni kabla ya kulipa, na kama ni cha kopo, zamu zipangwe mapema ili undugu udumu. Tangi la maji safi jazeni kila siku mpitapo bomba, msisubiri liishe.

Umeme unatoka kwenye betri, na betri zinachajiwa injini ikitembea. Mkishafunga ukingoni, injini haitakiwi kunguruma kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Kwa hiyo simu na tabuleti zichajiwe mchana. Mashine za kukaushia nywele ziacheni nyumbani, umeme wa nyingi ya boti hizi hauziwezi.

Kuna jiko la gesi na mara nyingi la kuni au makaa. Kengele ya hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ipo. Ibonyezeni kila jioni mhakikishe inalia, na matundu ya hewa msiyazibe hata kukiwa na baridi.

Na rafadha, yaani pangaboi inayosukuma boti, ikikamatwa na mifuko au kamba, zimeni injini, toeni ufunguo, aliye nao auweke mfukoni mwake, ndipo mtu aingize mkono kwenye kifuniko cha nyuma. Baada ya hapo anawe vizuri kwa sabuni, maji ya mfereji yana mkojo wa panya.

Leicester

---

Wadau, naomba niongeze mawili.

Asiyetaka loki aende Norfolk, kwenye Broads, yaani mito na maziwa ya kule. Kuna zaidi ya maili 120 za maji bila loki hata moja, na boti ni pana, unakaa ndani na usukani kama wa gari. Ila kule maji yanapwa na kujaa, na pale Great Yarmouth mkondo una nguvu, mnavuka kwa saa mnazoelekezwa. Madaraja nayo ni ya chini. La Potter Heigham boti nyingi za kukodi hazipiti kabisa.

La pili ni la karatasi. Wanaofikiria Canal du Midi kule Ufaransa, leseni hawadai, lakini wenye pasi za nyumbani Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen hata kama makazi yao ya Uingereza ni ya kudumu. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni la Ziwa Erne, Ireland Kaskazini. Mnakodi boti upande wa Uingereza, mnaingia mfereji wa Shannon na Erne uliofunguliwa tena 1994, na kabla hamjajua mko Jamhuri ya Ireland. Hakuna kizuizi wala askari majini, lakini sheria ya viza ipo palepale. Mwenye pasi ya nyumbani bila viza ya Ireland, boti yake igeuzie ndani ya Fermanagh, upande wa Ireland Kaskazini.

Belfast

---

Ahsanteni sana. Nimewasomea wenzangu, Cheshire tumeiacha. Tunaangalia mfereji wa Llangollen, kwenda na kurudi. Watoto wameona picha ya daraja la Pontcysyllte, lile linalobeba mfereji juu ya bonde, hakuna kingine wanachozungumzia. Boti ya watu wanane tuko wanane, itatutosha?

Coventry

---

Chaguo zuri. Loki ni 21 kwa mfereji mzima, na mkianzia katikati hamtazipita zote. Kumbuka maji ya mfereji ule yanatiririka, kwenda Llangollen mtakuwa mnapanda mkondo na mwendo utapungua, kurudi mtafidia. Karibu na mji wa Llangollen mfereji unabana, boti mbili hazipishani, mmoja atangulie kwa miguu kuangalia.

Pontcysyllte ni la 1805, mita 38 juu ya mto Dee na urefu wa mita 307. Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye uzio. Upande wa pili hakuna kitu, ni ukingo wa chuma wa lile birika la maji, na ukisimama tezini unaona bonde moja kwa moja. Watoto wakae ndani au omoni na majaketi yao ya kuokolea maisha, mtu mzima akiwa nao. Anayeogopa urefu avuke kwa miguu upande wa uzio, si aibu.

Vitanda: "watu wanane" mara nyingi wawili kati yao wanalala juu ya meza ya kulia inayogeuzwa kitanda kila usiku. Ulizeni ramani ya ndani mjue ni vitanda vingapi vya kudumu. Majaketi ya watoto semeni kilo zao wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kufika.

Leicester