Bomba la dawa lilimvujia mdogo wangu mgongoni, tulikosea wapi?

Mleta mada:
Wakuu, juzi mdogo wangu alikuwa anapulizia dawa ya wadudu, bomba likamvujia mgongoni. Shati likalowa, naye akaendelea mpaka akamaliza. Baada ya saa mbili jasho linamtiririka, mate yanamjaa mdomoni, macho hayaoni vizuri. Tukamnywesha maziwa na kumtia vidole kooni atapike. Hospitali wametugombeza sana. Anaendelea vizuri, ila naombeni mnieleweshe: hakunywa dawa, sasa ilimwingiaje?

Muuguzi wa Zamu:
Pole sana, ndugu. Ilipita kwenye ngozi. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, yaani sumu zinazovuruga mishipa ya fahamu, hazihitaji kumezwa, na lile shati lilikuwa linamlisha sumu saa zote mbili. Mngemvua kila kitu, hata mkanda na viatu vya ngozi, kisha mngemwosha kwa sabuni na maji mengi ya kutiririka robo saa nzima au zaidi: nywele, nyuma ya masikio, kwapani, chini ya kucha. Anayeosha avae glavu, maana naye anaweza kudhurika. Ikiingia machoni, ni maji safi tu kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi.

Kumtapisha, hapana kabisa. Akipaliwa, matapishi yanaingia mapafuni, na mtu mwenye mate mengi hivyo tayari anapumua kwa shida. Maziwa nayo hayavunji sumu.

Mama Wawili:
Na akizimia njiani?

Muuguzi wa Zamu:
Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini ili mate yatoke. Asipewe chochote cha kunywa. Halafu bebeni chupa yenye lebo, msiiache. Kwa oganofosfeti daktari atachoma atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo. Ikiwa ni parakwati, ile dawa ya kuua magugu, atropini si tiba yake, na hata oksijeni ikitolewa ovyo huzidisha madhara ya mapafu. Bila lebo daktari anabahatisha.

Mleta mada:
Kumbe ndiyo maana walituuliza chupa iko wapi! Daktari alimmulika tochi, mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Shati bado liko kwenye beseni, mama anataka kulifua leo.

Muuguzi wa Zamu:
Mpigie simu sasa hivi asiliguse. Vaa glavu, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liwekwe mbali na watoto mpaka mpate pa kulitupa salama. Beseni hilo msiogee tena wala kufulia.