Kaka anasema nimemuua baba kwa saini yangu. Arobaini ni Jumamosi ijayo, niende?

Binti_wa_Zabibu

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, na mwenye matusi leo ayaweke mfukoni.

Baba yangu alikuwa mkulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, na mwenyekiti wa jumuiya kwa miaka mingi. Mwaka jana chakula kikaanza kumkwama. Kwanza nyama, baadaye ugali, mwisho hata uji. Vipimo vikaonyesha saratani ya umio, na ilishafika kwenye ini. Dar tulikwenda, tukarudi.

Mwezi uliopita kifua kikambana, tukamkimbiza hospitali moja hapa mjini Dodoma. Daktari akatuambia wanaweza kumweka kwenye mashine ya kupumulia, ila mashine haitagusa saratani, na akishawekwa huenda asitoke tena. Baba alikuwa anasikia. Akajibu mwenyewe kwa Kigogo, mimi na mama tupo, kwamba hataki mipira, arudishwe kwake. Kaka yangu mkubwa anaishi Mwanza na alishahamia kanisa la maombi. Kwenye simu alisema baba awekwe kwenye mashine, yeye yuko njiani. Nikatia saini mimi.

Tulimrudisha kijijini na chupa ya mofini ya maji. Padri akaja kumpaka mafuta na kumpa komunyo. Kaka alifika siku ya tatu, akakesha anaomba chumbani. Siku ya nne, saa 11 alfajiri, baba akaondoka.

Baada ya maziko, mbele ya baba wadogo wote, kaka alisimama akasema: "Huyu amemuua baba mara mbili, kwa kalamu na kwa dawa." Usiku wa kuamkia kifo chake, saa 4, nilimpa baba mililita 10 badala ya zile 5 za mchana. Nesi ndiye aliyenielekeza hivyo kwa dozi ya kulalia, ila sina maandishi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Natia saini, niliwaza pia ng'ombe wawili waliobaki zizini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko maneno ya kaka.

Shangazi anasema niende arobaini. Kaka anasema nikikanyaga pale, yeye anaondoka. Niende? Au nimtafute kwanza?

Kifimbo cha Chamwino

Pole sana dada. Ila mimi nitakuwa tofauti kidogo. Ulipaswa kumsubiri mtoto wa kwanza. Kwetu jambo zito kama hilo haliamuliwi na mtu mmoja wodini.

Binti_wa_Zabibu

Mkuu, daktari alitaka jibu muda uleule, baba anahema kama ametoka kukimbia. Na aliyeamua ni baba. Mimi nilishika kalamu tu.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimehudumu miaka mingi na wagonjwa wa aina hii, ngoja nikuambie kuhusu hiyo mofini maana ndiyo inayowatesa watu wengi kimyakimya.

Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Usiku tunawaambia ndugu watoe dozi mara mbili ya ile ya mchana ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usiku na maumivu. Ndivyo tunavyofundishwa na ndivyo tunavyofundisha. Kwa hiyo nesi wako hakukudanganya, na wewe hukubuni.

Aliyezidishiwa mofini huwa haamki ukimwita, anapumua polepole mno, na mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Je, baba aliamka usiku ule?

Binti_wa_Zabibu

Ndiyo mama, baba aliamka. Saa 8 aliomba maji, nikamlowanisha midomo kwa pamba. Akauliza kama zabibu zimepogolewa. Baadaye ndipo ukaanza mlio kooni, anavuta pumzi, anakaa kimya mpaka tunatazamana, halafu anavuta tena. Kaka aliusikia ule mlio, ndiyo anasema ni sumu.

Nesi Mstaafu

Basi saa 4 baada ya dozi baba alikuwa anaongea na anakumbuka shamba lake. Huyo si mtu aliyelazwa na dawa. Ule mlio ni mate yaliyobaki kooni mtu asipoweza tena kumeza, na pumzi kukatika na kurudi ni mwili unaofunga kazi. Tunauona hata kwa wagonjwa ambao hawajawahi kuonja mofini. Anayeuona mara ya kwanza anatishika, na kaka yako aliuona kwa mara ya kwanza, tena kwa baba yake.

Katekista_Makole

Tumsifu Yesu Kristo. Niongeze upande wa imani, kwa sababu neno "kuua" limetajwa.

Kanisa Katoliki linakataza kumuua mgonjwa hata kwa huruma, hapo hakuna mjadala. Lakini soma Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2278. Kuacha tiba nzito ambayo mzigo wake umezidi faida inayotarajiwa kunaruhusiwa, kwa kuwa hutaki kifo, unakubali tu kwamba huwezi kukizuia. Na uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake. Namba inayofuata inaruhusu dawa za maumivu. Na si mambo ya juzi, Papa Pio XII aliwajibu madaktari suala la mashine za kupumulia mwaka 1957. Papa Yohane Paulo II naye, Aprili 2005, hakurudishwa hospitalini siku zake za mwisho, alifia chumbani kwake.

Kuhusu ng'ombe, tamko la Vatikano la mwaka 1980 kuhusu kuua kwa huruma linataja hata gharama kwa familia. Mtu kuwaza mama atakula nini kesho si dhambi ya kuua. Likikusumbua lipeleke kwenye kitubio, si mbele ya baba wadogo.

Abuu wa Kondoa

Poleni sana, Mungu amrehemu mzee. Mimi ni Muislamu, nina la upande wa pili. Mama yetu alipata kiharusi, madaktari wakasema hakuna matumaini, sisi tukakataa kusikia. Siku 11 kwenye mashine. Tuliuza kiwanja. Hatukuruhusiwa kukaa naye ila dakika chache jioni, na aliondoka hakuna hata mmoja wetu wa kumtamkia shahada. Mpaka leo mdogo wangu ananilaumu mimi kwa kung'ang'ania. Kaka yako angepata alichotaka, leo labda ungekuwa wewe unayepiga kelele.

Mama Wawili

Ninachokiona mimi, kaka hakusikia baba akikataa mipira. Waliosikia ni wawili, wewe na mama. Mbona hapa mama hasemi kitu?

Binti_wa_Zabibu

Mama hajatia neno tangu siku ile. Nilimuuliza, akasema, "Nimeshamzika mume, unataka nimpoteze na mtoto?" Nikanyamaza.

Mama Wawili

Aa. Basi usimsimamishe kuwa shahidi wako, mtamvunja. Mpigie shangazi. Aje siku mbili kabla, alale na mama chumba kimoja. Mama atamwambia wifi yake asichoweza kumwambia mwanawe, na shangazi ndiye atakayeongea na kaka. Wewe nenda mapema ukiwa na mchele na sufuria zako, uingie jikoni. Kaka akiondoka, ataondoka kwenye arobaini ya baba yake watu wakimwona.

Kifimbo cha Chamwino

Hapo kwa shangazi naunga mkono. Na ile dada uliyosema kuhusu kalamu nimeielewa, nisamehe.

Binti_wa_Zabibu

Nimempigia shangazi, anakuja Alhamisi. Kaka naye nilimwandikia tukae kikao cha familia kabla ya arobaini, amejibu kwa mara ya kwanza: atakuja kikaoni ila na mchungaji wake. Swali la mwisho, na mimi niende na padri?

Katekista_Makole

Usiende naye kwenye kikao. Padri akikaa hapo, kaka yako atabishana na padri, na ninyi wawili hamtaongea. Aje Jumamosi kwenye misa tu.

Binti_wa_Zabibu

Sawa. Nitakwenda na mama tu. Mrejesho Jumapili.