Nyie mnaouza kozi za unotari wa mtandaoni Texas, acheni kuuzia watu mbuzi kwenye gunia

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "fursa za diaspora", maana hapa hakuna fursa, kuna watu wanaliwa hela.

Kamisheni yenyewe, yaani kibali cha kuwa notari (anayeshuhudia na kuthibitisha sahihi za watu kwenye hati), haina shida. Unaomba kwa Sekretari wa Jimbo la Texas, ada dola 21, unakata dhamana ya dola 10,000, unapewa miaka 4. Ila semeni ukweli kuhusu hiyo dhamana: haimlindi notari, inamlinda mteja. Ukivuruga, kampuni iliyokudhamini inamlipa aliyeumia kisha inakugeukia wewe uirudishie. Bima ya makosa ya kazi ni kitu kingine na inalipiwa peke yake.

Kufanya kazi kwa video ni ombi la pili, dola 50 nyingine, pamoja na cheti chako cha kidijitali na mhuri wa kielektroniki. Na kamisheni ya mtandaoni inakufa siku ileile inayokufa ile ya kawaida. Kwa hiyo mtu aliyebakiza miezi 7 mnamwambia "wahi ofa", analipa dola 50 za miezi 7!

Halafu huu uongo wa "fanya kazi popote ulipo". Mteja ndiye anayeweza kuwa popote. Notari lazima awe ndani ya Texas wakati wa kikao. Ukiwa likizo Mombasa, laptop funga. Dola 25 za kila uthibitisho wa mtandaoni nazo ni kikomo cha sheria, juu ya dola 10 za kuthibitisha sahihi ya kwanza. Humo humo utoe gharama za jukwaa (mfumo wa kampuni unaoendeshea vikao vya video), na rekodi ya video uitunze si chini ya miaka 5.

Lakini kinachoniudhi hasa ni maswali ya utambulisho. Mnawaambia watu soko ni "jamii yetu", na jamii yetu ndiyo inayokwama hapo. Mteja asiyefahamiana na notari anaonyesha kitambulisho kikaguliwe na mfumo, kisha anapewa maswali yasiyopungua 5 ndani ya dakika 2, apate asilimia 80. Maswali yanachotwa kwenye kumbukumbu za Marekani: ulikaa mtaa gani, gari gani liliandikishwa kwa jina lako, mkopo gani uliwahi kuchukua. Mtu aliyefika mwaka jana hana kumbukumbu hizo, mfumo haupati hata cha kumuuliza. Mwingine yumo kwenye kumbukumbu, lakini pasipoti ina majina matatu, lake, la baba na la babu, wakati benki ilimwandikia la babu kama ukoo na la baba ikaliacha. Anafeli akiwa ni yeye mwenyewe! Sheria ya Texas inaruhusu notari kumthibitisha mtu anayemjua binafsi bila maswali hayo, lakini si kila jukwaa limeweka kitufe cha hilo. Kaulizeni kabla ya kujiunga, si baada ya kulipia mwaka mzima.

Na hati za kumpa ndugu mamlaka ya kuuza kiwanja nyumbani? Sahihi ya kidijitali inahakikiwa ndani ya faili. Ukiichapisha, karani wa ardhi anabaki na picha ya mhuri, na yeye anataka wino. Rwanda na Burundi zimo kwenye Mkataba wa Apostille, ambao nchi wanachama hupokea hati za wenzao kwa cheti kimoja tu cha uthibitisho. Kwa nchi isiyokuwemo, hati inathibitishwa na jimbo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje Washington, kisha ubalozi. Wakili wa kule aulizwe kwanza kama anapokea hati ya mtandaoni. Akisema hapana, mteja akasaini ana kwa ana kwa wino, basi.

Sasa wauza kozi mliomo humu: wekeni hapa silabasi zenu tuone somo la maswali ya utambulisho liko ukurasa gani. Kama halipo, rudisheni hela za watu.