"Sorry" ya Nairobi

Kikundi: Majirani wa Koti (nyumba za ua mmoja), Buruburu

Akinyi: Hamjambo majirani. Leo mchana nilikuwa na mgeni wa kazini, ametoka London. Tukipita Moi Avenue, karibu na Kencom, akajikwaa, goti likapiga lami, suruali ikachanika. Nikamkimbilia, "Sorry! Sorry sana!" Akaniangalia akasema, "Why? It wasn't your fault." Nikakosa la kusema.

Baba Otis: Kwani wewe ndiye ulimsukuma?

Akinyi: Hapana, nilikuwa nyuma yake hatua tatu hivi!

Mwalimu Rose: Pole Akinyi. Hukukosea, ulimpa pole kwa Kizungu. Mtu akimwagikiwa chai, akipaliwa, akianguka, sisi husema "sorry" hata kama hatukuhusika. Mwingereza akiisikia hivyo, peke yake na papo hapo, anadhani unakiri kosa.

Kevo: Mwalimu amesema kweli. Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa pili. Jirani aliangusha trei ya mayai kwenye ngazi, nikasema "sorry", akaniuliza, "What did you do?" Siku hizi nasema "Oh no! Are you all right?" huku nainama kumsaidia kuokota.

Mama Salim: Sasa mtu akifiwa huko mnamwambia nini?

Kevo: "I'm sorry for your loss." Hapo sorry ni pole kabisa, mama. Ama akikwambia anaumwa, "I'm sorry to hear that." Ukiunganisha na jambo lenyewe, wanaelewa unamhurumia.

Mwalimu Rose: Na "Sorry?" ya kupandisha sauti mwishoni ni "Umesemaje?" Wanafunzi wangu hiyo iliwachanganya sana.
Hata asili ya neno iko upande wetu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sārig", mtu mwenye uchungu, na ni ndugu ya "sore", yaani kidonda. Kwa hivyo Akinyi, usione haya. Uliumia naye.

Akinyi: Asante Mwalimu, moyo umetulia. Nilidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Kesho nitamweleza, na nimfundishe "pole" yenyewe.

Mama Salim: Ehe, mfundishe na kujibu, "nimeshapoa." Na hilo goti je? Lilitoka damu?

Akinyi: Kidogo tu, mama. Tuliingia kemisti nikamnunulia dawa ya kidonda na plasta.

Mama Salim: Mwambie tumempa pole sisi wote wa koti.