Macho ya katuni: yafanywe na fundi au yanaswe na kamera?

Fundi_Kibokoni: Wenzangu nisaidieni. Nina kazi ya katuni ya kompyuta, bibi na mjukuu wake, sasa mteja ataka muigizaji avalishwe kamera usoni kompyuta ijichukulie macho yenyewe. Mimi nakataa. Jicho la mtu huruka likatua, likaruka tena likatua, na kwa fremu, yaani picha, 24 za sekunde mruko ni fremu moja mbili ushakwisha. Ukilisereresha polepole kutoka huku mpaka kule umefanya maiti. Mwaonaje?

Mlikoni_Damu: Hapo nakupinga bwana. Jicho huserereka vizuri sana likifuata kitu kinachokwenda, nenda kasimame ng'ambo uifuate feri kwa macho utaona. Na hizo mashini msizidharau, filamu ya katuni Polar Express ya 2004 watu walilalamika macho yamekufa, lakini filamu ya Beowulf 2007 wakawabandika waigizaji karibu na macho vidude vya kunasa ule umeme mdogo wa jicho linaposogea.

Binti_Majengo: Shida si kamera! Shida katuni zetu zachorwa na watu wa bara, bibi wa Kiswahili wamkodolesha macho kama kaona jini. Mboni ikishuka ukope wa juu lazima ushuke nayo, wao wauwacha kule juu, na mjukuu akisemezwa na bibi hutazama chini jamani, hiyo ndo adabu.

Mbara_wa_Nyali: Yaani sisi hatuna adabu? Nimetoka Kitui, huko mtoto akimkodolea mkubwa anajua kitakachomfika. Miaka kumi nalipa kodi ya nyumba hapa na bado naitwa wa bara kila nikifungua mdomo, imenichosha.

Binti_Majengo: Sikusema hamna adabu, soma tena. Nimesema ukope. Mama aliyevaa ninja, ile nikabu iachayo macho tu, pale sokoni Marikiti yuapiga bei mpaka mwisho kwa macho matupu, nichoree huyo halafu tuzungumze.

Mbara_wa_Nyali: Ulisema "watu wa bara", sijaota. Na huyo mama namchora leo leo, akigeukia kitu cha mbali macho yatangulie, kichwa kifuate, kope zipepese katikati ya mruko. Hilo halina kabila dada yangu.

Mzee_Guraya: Wanangu punguzeni moto. Kurembua nani ajua kukuchora? Na bibi akitunga uzi kwenye sindano mboni husogeleana, zikiwa sambamba yuatazama ukuta wa nyuma.

Mlikoni_Damu: Mzee kurembua ni kwa wanawake tu.

Mzee_Guraya: Nani kakudanganya?

Fundi_Kibokoni: Jamani niliuliza kamera! Haya, mjukuu atazame chini muda gani kabla hajamuibia bibi jicho?

Binti_Majengo: Mpaka bibi arudi kwenye sindano yake. Hapo jicho lipande mara moja, lishuke, kichwa kisitikisike.

Mbara_wa_Nyali: Hapo umesema kweli. Lakini lile neno la kwanza hujalifuta.